Bustani ya mimea imepambwa Krismasi, poinsetia za upande wa taa zimebaki kijani. Nani anajua kwa nini?

#1 MamaPacha
Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa kumaliza ubishi ndani ya nyumba, leo siku ya tatu na hakuna anayeshuka.

Jumamosi tulienda familia nzima bustani ya mimea, ile ya jioni ya kuangalia taa za Krismasi. Mimi, baba watoto, pacha wetu wa miaka 8 (mmoja wa kike mmoja wa kiume), mdogo wao wa mgongoni, na mama mkwe ambaye anatumia kiti cha magurudumu. Bustani wameipamba jamani, miti imezungushiwa taa toka shinani hadi kule juu, kuna handaki la taa ukipita chini yake watu wote mnageuka rangi, wa mgongoni alikodoa macho akasahau hata kulia. Sasa kwenye njia ya kuingilia nyumba ya vioo wamepanga vyungu vya poinsetia kulia na kushoto, yale maua mekundu ya Krismasi mnayajua.

Sisi watu wazima tunapita tunapiga picha. Binti akasimama akasema, "Mama, haya ya huku mbona hayajaiva?"

Kwenda kuangalia, kweli. Upande wa kushoto, ambako nguzo za taa zimeinamia vyungu, majani ya juu yalikuwa nusunusu. Nilichuchumaa nikashika moja: wekundu umeanzia nchani ukashuka pembeni, halafu katikati kwenye mshipa kijani kimebaki kama mto kwenye ramani. Upande wa kulia hakuna nguzo za taa, na huko ni nyekundu ndu. Kaka yake akahesabu (huyu anahesabu kila kitu): kushoto vyungu 14, vyenye kijani 11. Kulia 14, hata kimoja hakuna.

Mimi nasema ni taa. Baba watoto anasema mbolea imezidi. Mama mkwe anasema bustani wameuziwa mbichi. Nani yuko sahihi?

#2 KobeMbio
Naweka kambi hapa, ngoja waje wajuvi.

#3 Shangazi Digitali
Yani watu wameenda kupiga picha za Krismasi, ninyi mmechuchumaa mnahesabu majani 😂 hiyo familia naitaka.

#4 PandaUone
Mama Pacha umeshinda, kamwambie baba watoto aombe radhi. Poinsetia haijui tarehe wala Krismasi, yenyewe inapima giza. Usiku ukiwa mrefu, kama masaa 12 na zaidi bila kukatizwa, na ikawa hivyo wiki kadhaa, ndiyo majani ya juu yanaanza kuingia rangi. Wanaolima kwa biashara wanazipa giza la masaa 14 kila siku kwa wiki 8 mpaka 10. Ukiwasha taa katikati ya usiku hata kwa muda mfupi, kwa mmea huo usiku umekatika vipande viwili, hauhesabu tena kama usiku mrefu. Sasa hizo za kushoto zimemulikwa usoni kila siku, zitaivaje? Binti kasema neno lenyewe kabisa, hazijaiva.

#5 Mzee Jembe
Nimesoma. Bwana PandaUone sayansi yako haina tatizo ila umeruka mtaro kabla ya kuufikia. Mimi nimefanya kazi mashamba ya maua ya kwenye nyumba za vioo, poinsetia nimezilea kwa mikono hii. Kila siku saa 11 jioni tunavuta pazia jeusi, asubuhi saa 1 tunalifungua. Mwaka mmoja kijana alikuwa anaacha upenyo pembeni, taa ya ulinzi ikawa inaingia, mstari mzima ulioelekea ule upenyo ukachelewa. Kwahiyo taa nazijua.

Lakini poinsetia inatoka shambani ikiwa imeshaiva. Jani likishakuwa jekundu halirudi kijani kwa sababu ya taa za wiki mbili tatu, linabaki hivyo mpaka lidondoke. Labda majani mapya yanayochipua katikati ndiyo yatakuja na kijani. Swali kwa mama: hizo poinsetia zililetwa lini pale, na hicho kijani kilikuwa kwenye majani makubwa au machanga?

#6 MamaPacha
Shikamoo mzee. Kibao cha getini kilisema maonyesho yameanza mwisho wa mwezi wa 11, sisi tumeenda wiki mbili na siku kadhaa baadaye. Kijani kilikuwa hata kwenye yale makubwa ya nje. Lile nililolishika lilikuwa pana kuliko kiganja changu.

#7 Mzee Jembe
Marahaba. Basi hazikuiva huko huko zilikotoka. Mama mkwe wako ana hoja.

#8 MamaPacha
Nimemsomea. Hajasema kitu, ameomba tu kiti kigeuzwe amwangalie vizuri baba watoto.

#9 Fundi Waya
Mnabishana kuhusu taa bila kuuliza rangi ya taa? Mmea unatambua giza kwa kitu kinaitwa fitokromu, kipo ndani ya jani, na hicho kinashtuliwa zaidi na mwanga mwekundu. Bluu haikisumbui sana. Kijani nacho ni dhaifu. Nyeupe ina wekundu wake ndani kwahiyo inasumbua. Zilikuwa rangi gani?

#10 MamaPacha
Nyeupe, ile ya kuelekea njano.

#11 MamaPacha
Narekebisha hapo juu. Wa kiume ameruka toka chumbani kusema mama anadanganya watu mtandaoni, akaleta video. Nguzo zinabadilika zenyewe: nyekundu inakaa kama sekunde kumi, inafifia inakuja kijani, inarudi nyekundu. Nyeupe zilikuwa za handaki.

#12 Fundi Waya
Nyekundu inayojirudia jioni nzima, mita chache toka kwenye jani! Kesi imefungwa, tuondoke.

#13 PandaUone
Nilisema mimi.

#14 Mzee Jembe
Haijafungwa hata mlango. Hiyo rangi inaeleza jani lisiive. Haielezi jani kubwa la zamani liwe na kijani ndani ya wiki mbili. Mama, taa zinazimwa saa ngapi?

#15 MamaPacha
Saa 4 usiku wanatoa watu, kuzima sijui wanazima saa ngapi, wakati tunatafuta gari bado zilikuwa zinawaka.

#16 Bint Msitu
Mbona mmeruka jambo jepesi? AINA. Poinsetia ziko za pinki, nyeupe, rangi ya pichi, na ziko zenye michirizi na madoa ambazo watu wamezizalisha hivyo makusudi. Wapambaji wanapenda kuweka aina mbili zitazamane. Ninyi mmeona pambo mkadhani ni ugonjwa.

#17 MamaPacha
Bint Msitu nilifikiria hilo, ila mbona kushoto vitatu vilikuwa vyekundu kabisa na vilichanganyikana na vyenzake? Cha 2, cha 9 na cha 14. Sikuhesabu mimi.

#18 MwalimuNje
Samahani kwa kuingilia. Mada inasema "maua", baadaye "majani". Yale mekundu ni majani. Ua lenyewe ni vile vitufe vidogo vya njano pale katikati ambavyo hakuna mtu anayevipiga picha. Mmea asili yake ni Meksiko, Waazteki waliuita cuetlaxochitl. Jina la poinsetia linatokana na Joel Poinsett, mwakilishi wa kwanza wa Marekani nchini Meksiko, aliyetuma mimea hiyo kwao miaka ya 1820. Alifariki tarehe 12 Desemba 1851 na ndiyo maana Marekani tarehe 12 Desemba ni siku ya poinsetia. Kwa kisayansi ni Euphorbia pulcherrima. Kwao porini ni mti unaofika mita 4, hauishi kwenye chungu.

#19 Shangazi Digitali
Mwalimu ameingia na rula. Tukae sawa.

#20 NgaziYaTatu
Mimi naunga mkono taa kwa ushahidi wa nyumbani. Nilipewa poinsetia nyekundu safi, Krismasi ikapita ikadondosha majani, nikaikata nikaitunza ikachipua vizuri tu. Huu mwaka wa tatu ni kijani kama mchicha. Iko dirishani linalotazama ngazi za jengo, na taa ya ngazi inawaka kila mtu akipita. Nilibadilisha mbolea, nikabadilisha udongo, nikaongea nayo. Leo ndiyo naelewa kumbe jirani anayerudi saa 8 usiku ndiye anayenifanyia haya.

#21 Mpita Njia wa Kale
NgaziYaTatu pole, ila mimi ninayo nje ukutani, imepita hata bati, taa ya ulinzi iko juu yake na inawaka usiku kucha kwa miaka. Kila mwisho wa mwaka inawaka nyekundu kama kawa. Sasa hiyo fitokromu ya kwangu ina likizo?

#22 Fundi Waya
Taa iko juu yake au pembeni? Upande gani unaiva?

#23 Mpita Njia wa Kale
Iko pembeni kwa juu. Kusema ukweli sijawahi kuangalia upande upi. Ngoja jioni.

#24 Mzee Jembe
Mmea mkubwa una majani mengi yanayokingiana mwanga, tena hizi za nje nyingi ni mbegu za zamani, haziko kama za vyungu vifupi. Kuna kitu kingine hamjakigusa: joto. Usiku ukiwa na joto sana poinsetia inachelewa kuiva hata kama giza lipo. Mama umesema ni njia ya kuingilia nyumba ya vioo. Huo mlango unafunguka upande gani?

#25 MamaPacha
Mzee unanitisha. Unafunguka kushoto. Na ndani mle kulikuwa na joto, miwani ya mama mkwe iliingia ukungu mara moja tulipoingia, ikabidi tusimame kuifuta huku watu wamejazana nyuma yetu.

#26 KobeMbio
Eeeh! Hapo nimesogeza kiti.

#27 PandaUone
Joto la mlangoni haliwezi kufika chungu cha 14. Mstari ulikuwa na urefu gani?

#28 MamaPacha
Labda hatua 20. Na hicho cha 14 ndicho cha mwisho mbali na mlango na kilikuwa chekundu. Ila na cha 2 kilikuwa chekundu na kiko karibu na mlango. Jamani nilikwenda kutembea mimi.

#29 Mama Nyuki
Wakati mnabishana, naomba niwaulize mlimwacha mtoto akashike yale majani? Poinsetia ni sumu kali, jani moja linaua mtoto. Tuliambiwa toka zamani.

#30 MwalimuNje
Mama Nyuki hiyo ni hadithi ya muda mrefu lakini si kweli. Mwaka 1996 Marekani walichapisha uchambuzi wa matukio zaidi ya 22,000 ya watu walioigusa au kuila, yaliyoripotiwa kwenye vituo vyao vya sumu. Hakuna aliyekufa, na wengi hawakupata dalili yoyote. Utomvu wake mweupe unaweza kuwasha ngozi, na mtoto akitafuna tumbo linaweza kumchafuka. Akishika anawe mikono.

#31 Mzee Jembe
Watu wanaichanganya na ndugu yake, mnyaa. Hao ni ukoo mmoja na wote wanatoa maziwa, ila maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni hapo si mchezo. Kijana wetu mmoja alipogoa ua wa mnyaa kisha akajifuta jasho kwa mkono ule ule, usiku mzima hakulala. Poinsetia kwake ni mpole.

#32 Mama Nyuki
Asante mwalimu, asante mzee. Ila wangu hawashiki.

#33 Kigogo Mkavu
Mimi nitaonekana mchawi wa sherehe lakini nasema. Hizi bustani zilianzishwa kwa ajili ya mimea. Ile ya Padua kule Italia ni ya mwaka 1545 na ilikuwa ya mimea ya dawa, wanafunzi waende wajifunze kuutofautisha mmea wa dawa na wa sumu. Leo mtu anatoka bustanini hajui jina la mti hata mmoja, anajua rangi ya taa tu. Kila mwaka nyaya zinaongezeka.

#34 Shangazi Digitali
Kigogo wewe hata keki ungeiuliza ngano yake ilitoka wapi.

#35 Bint Msitu
Kigogo una nusu ya ukweli. Bustani ya mimea ya Kew kule London wanawasha njia yao ya Krismasi tangu 2013, na New York Botanical Garden wana maonyesho ya treni ndogo tangu 1992, treni zinapita kati ya majengo ya mji yaliyotengenezwa kwa magome, mbegu, matawi na majani makavu. Mtoto anakuja kwa ajili ya treni halafu anauliza "hili bati la nyumba ni gome la mti gani". Huoni kuwa hata uzi huu umeanzishwa na mtoto aliyepelekwa kuangalia taa?

#36 Kigogo Mkavu
Hilo la mtoto nakubali. La nyaya sikubali. Nilitoa taa kwenye mti wangu wa mbele ya nyumba baada ya kuzisahau misimu miwili, waya ulikuwa umezama kwenye gome, nimeutoa kwa koleo, umeacha mfereji unaoweza kulaza kidole. Tawi lile juu ya mfereji lilikauka. Chakula cha mti kinashuka kwenye tabaka la chini ya gome, ukilikaba pale umemkaba koo.

#37 Fundi Waya
Hapo Kigogo yuko sahihi, na mimi nafunga hizi taa kwa kazi. Waya haukazwi, unazungushwa kwa nafasi, hakuna misumari, na msimu ukiisha unatoa zote, usijiambie "mwakani tutazitumia tena zikae". Nje weka zenye alama ya IP65 zisizoingia maji, na transfoma ya volti ndogo ikae juu ya ardhi, sio kwenye dimbwi. Zamani balbu zenyewe zilikuwa zinachoma jani. Mtu wa kwanza kuweka taa za umeme kwenye mti wa Krismasi ni Edward Johnson wa kampuni ya Edison, mwaka 1882, balbu 80 nyekundu, nyeupe na bluu, na mti wenyewe ulikuwa unazunguka. Fikiria joto la balbu 80 za wakati ule sebuleni. Hizi za LED unashika kwa mkono.

#38 Mama Nyuki
Na wadudu? Sisi tulipoenda nilikuta nondo wamejaa kwenye taa moja wanajigonga mpaka chini. Mtoto wangu akauliza wanasherehekea nini.

#39 Kigogo Mkavu
Hilo ndilo swali la maana kuliko yote humu.

#40 MtotoWaMwisho
Nauliza tu, ule mti mkubwa wa Krismasi wa katikati ya bustani huwa ni msonobari? Wetu matawi yake yamekaa kama ngazi za duara, ghorofa kwa ghorofa, kila ghorofa wameweka taa.

#41 Bint Msitu
Hapana, huo uliouelezea ni Araucaria heterophylla, watu wanauita msonobari wa Norfolk lakini si msonobari wa kweli. Asili yake ni kisiwa cha Norfolk huko baharini kati ya Australia na New Zealand. Ukoo wake ni ule wa mti wa Wollemi, ambao ulijulikana kwa mabaki ya mawe tu mpaka 1994 walipoukuta ukiwa hai kwenye korongo Australia. Kwahiyo umesimama kwenye foleni ya picha mbele ya ukoo wa enzi za dinosaria.

#42 MtotoWaMwisho
Na sisi tumemvalisha riboni. Asante dada.

#43 Msomaji Kimya
Kwani mkrismasi si ule wenye maua mekundu mti mzima, unatandika maua barabarani mwezi wa 12?

#44 MwalimuNje
Huo ni Delonix regia, asili yake Madagaska, na una haki ya jina kuliko wote waliotajwa maana unachanua wenyewe bila pazia jeusi wala waya. Na pale chekundu ni ua kweli, petali tano, moja ina madoa meupe.

#45 MamaPacha
Mmenikumbusha kitu. Mle ndani ya nyumba ya vioo kulikuwa na kona ya mimea inayotajwa kwenye habari za Krismasi, wameweka mti wa ubani na wa manemane. Mimi nilitarajia kitu cha maana, kumbe ni vijiti vya miba na magome yanayobanduka kama karatasi, watu wanapita hawageuki. Mama mkwe akasema kiti kisimame. Kuna mkato kwenye gome, utomvu umetoka umeganda matone meupe, na kando kuna kisahani cha matone makavu unaruhusiwa kunusa. Alikishika muda mrefu. Akawaambia watoto wale mamajusi hawakubeba unga wala mafuta, walibeba kidonda cha mti. Wa kiume akauliza mti unaumia? Bibi yake akasema muulize, akaweka sikio lake kwenye shina kweli, na mlinzi alikuwa anaangalia.

Hapo ndipo mimi ningemaliza safari, taa zote zingezimwa na nisingejali.

#46 Mzee Jembe
Msalimie sana huyo mama. Wanaovuna wanachana gome kidogo, wanaacha utomvu ugande siku kadhaa, wanarudi kukwangua. Ukichana kupita kiasi mti unachoka, mbegu zake zinaota kwa shida. Amesema sawa, ni kidonda.

#47 KobeMbio
Wakuu nimekaa kambini toka juzi, tumeshaenda Italia, tumeenda enzi za dinosaria, poinsetia imeishia wapi?

#48 Mpita Njia wa Kale
Nimeangalia jioni kama nilivyoahidi. Upande wa taa una kijani zaidi. Ila upande huo huo ndio wa ukuta, jua halifiki. Sijui niwape wapi ushindi.

#49 Fundi Waya
Nipe mimi.

#50 Bint Msitu
Kivuli kinafifisha rangi pia. Usimpe.

#51 Baba Pacha
Nimejiunga leo kwa sababu nimesikia natajwa. Mimi ndiye baba watoto. Sikusema mbolea "imezidi", nilisema naitrojeni imezidi, ni tofauti. Mmea ukilishwa naitrojeni nyingi mwishoni unang'ang'ania kijani. Mtu anayezilea pale amwage mbolea ndoo ya kwanza ikolee, ndoo ya pili iishie njiani, utapata vyungu 11 hivi na 3 vile. Hakuna kati yenu aliyeeleza cha 2, cha 9 na cha 14. Mimi nimeeleza.

#52 Shangazi Digitali
Karibu shemeji 😂😂 yani umejisajili kwa ajili ya naitrojeni.

#53 Mzee Jembe
Karibu bwana. Kwa hesabu ya vyungu vitatu umesema jambo. Lakini naitrojeni ingeonekana kwenye majani ya chini, yangekuwa kijani kizito cha kung'aa. Yalikuwaje?

#54 Baba Pacha
Sikuangalia ya chini. Nilikuwa nimembeba wa mgongoni ambaye kwa wakati ule alikuwa wa begani na ameshika masikio yangu yote mawili.

#55 MamaPacha
Wakuu nina mrejesho. Jana mchana nilirudi pale na binti, peke yetu.

Mstari wa kushoto haupo. Yani vyungu vipo 14 lakini vyote vyekundu, wamebadilisha. Tukamkuta kijana wa bustani na toroli, nikamuuliza, akasema zile za kwanza zililetwa kwa magari mawili, gari la pili lilichelewa likaleta mzigo ambao haujakomaa, wakachanganya kuziba nafasi. Mama mkwe angekuwepo angeimba. Lakini mwenzake aliyekuwa anamwagilia akaingilia akasema si kweli, zote ni gari moja, zile ziliharibiwa na taa na ndiyo maana wamegeuza nguzo zitazame juu. Nikaangalia, nguzo kweli zimegeuzwa. Wale wawili wakaanza kubishana wao kwa wao, tukawaacha.

Binti alikuwa ameshazunguka nyuma ya banda. Zile poinsetia ziko kule, zimelazwa kando ya lundo la mboji na vyungu vyake. Akaomba kimoja. Yule wa toroli akasema chukua hata viwili.

#56 PandaUone
Wamegeuza nguzo! Mnataka nini tena?

#57 Kigogo Mkavu
Kugeuza nguzo ni kwamba nao hawajui, wamejaribu kila kitu kwa mpigo. Nimefurahi lakini kuwa kuna aliyeomba badala ya kuacha vitupwe.

#58 Mzee Jembe
Vizuri sana. Sasa mama sikiliza, mfanye jaribio mkiwa navyo viwili. Kimoja kikae sebuleni na taa zenu za kawaida. Cha pili kikifika saa 11 jioni mfunike na boksi, saa 1 asubuhi mfunue, mchana kipate mwanga wa kutosha, maji udongo wa juu ukikauka tu. Usisahau hata siku moja. Kama cha boksi kitaziba kile kijani na cha sebuleni kikabaki, basi giza ndilo lililokosekana, japo hatutajua kama lilikosekana shambani au bustanini.

#59 MamaPacha
Tumeanza jana mzee. Wa kiume ndiye mwenye saa, ameweka alamu mbili na daftari. Mdogo wao amefunua boksi mara moja usiku kumsalimia. Baba watoto anasema tukishindwa tutie mbolea.

#60 Mzee Jembe
Alifunua kwa muda gani? Na hilo boksi lina matundu?

#61 MamaPacha
Dakika moja hivi, taa ya koridoni ilikuwa inawaka. Matundu lina mawili, yale ya kushikia.

#62 Fundi Waya
Dakika moja ya taa ya koridoni 😭 balbu yenu rangi gani?

#63 Mzee Jembe
Ziba hayo matundu na karatasi nyeusi, huo usiku uandikwe kwenye daftari kama umeharibika.

#64 KobeMbio
Nimeongeza hema. Siku ya ngapi leo?

#65 MamaPacha
Ya kwanza, tumeanza upya.